Nepi Tatu kwa Siku

Ilikuwa saa tisa na robo mchana, zamu ya asubuhi inatoka, na mpekuzi alikuwa ameshawapapasa wanawake kumi na mmoja alipofika kiunoni mwa wifi yake akagusa kitu kisicho mwili.

Chumba cha upekuzi hakikuwa chumba hasa. Kilikuwa pembe ya korido nyuma ya ghala, imezibwa kwa pazia zito la plastiki. Ndani mlikuwa na meza moja, stuli moja, na karatasi ukutani iliyoorodhesha vitu ambavyo mfanyakazi haruhusiwi kutoka navyo, kuanzia peni za duka hadi mifuko mitupu. Wanawake wote wa supamaketi, makeshia, wapanga rafu na wafagiaji, walipita hapo kila zamu ilipokwisha. Mtu aliingia, akaweka mkoba mezani, akanyanyua mikono. Mpekuzi alianzia mabegani, akashuka makwapani, mgongoni, kiunoni, mapajani, mpaka kwenye soksi. Nusu dakika, basi. Miaka minne alikuwa kwenye kazi ile, na mikono yake ilishazoea kwenda yenyewe huku kichwa kikiwa kwingine kabisa, kwenye mkaa uliobaki au kwenye bomba la uani lililoanza kuvuja.

Alichogusa kilikuwa laini. Kilizunguka kiuno chote, kimebanwa kwa kitambaa. Akabonyeza, kikabonyea, alipoachia kikarudi taratibu. Akakijua palepale, maana kila asubuhi kabla ya kuja kazini alikishika kitu hichohicho, na kila alasiri akirudi, na tena kabla ya kulala. Nepi za wakubwa. Kwa unene wake zilikuwa tatu.

Wifi yake alikuwa ameikazia macho ile karatasi ya ukutani.

"Jamani, huko ndani mmelala?" keshia mmoja akapaza sauti nje ya pazia. "Wengine tuna watoto wa kuchukua shule!"

Mpekuzi akamaliza mapaja, akamaliza soksi.

"Haya," akasema. "Mwingine."

Wifi akachukua mkoba wake, akatoka. Keshia akaingia akilalamika, akanyanyua mikono, na mikono ya mpekuzi ikaendelea na kazi kama kwamba hakuna lililotokea. Alisubiri moyo uanze kwenda mbio. Haukwenda. Alihisi tu kama mtu aliyekalia mguu wake muda mrefu, anaugusa na haumwambii kitu.

Dukani hakuna aliyejua kuwa wale wawili ni mawifi. Kampuni ya ulinzi iliyomwajiri mpekuzi ilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: mlinzi hawezi kufanya kazi mahali penye ndugu yake. Nafasi ya ufagiaji ilipopatikana na wifi akaitwa, walikubaliana wajitie hawajuani. Asubuhi mmoja alitangulia, mwingine akafuata baada ya dakika kumi. Mle ndani waliitana dada, kama wanawake wote wa pale walivyoitana.

*

Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili na kijikorido cha kupikia. Chumba cha mbele alilala mpekuzi na mumewe. Cha nyuma alilala wifi pamoja na mama mkwe, ambaye mwaka ulikuwa unakatika tangu kiharusi kilipomlaza. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa kunyanyua masufuria ya watoto mia tatu bila kuomba msaada. Sasa upande wake wa kushoto wote ulikuwa umekufa, na maneno yalimtoka yamekatika vipande.

Mume alikuwa fundi wa vigae. Magoti yake yalikuwa yamechoka kwa kupigwa sakafuni miaka ishirini, na kazi zenyewe zilikuja kwa kuokoteza, leo bafu la mtu, kisha wiki mbili kimya. Siku za kimya alikaa na mama yake. Alimgeuza, akamlisha uji kwa kijiko, akamsomea magazeti ya zamani. Kumbadilisha hakuweza. Alijaribu mara moja, mama yake akalia, naye akatoka akasimama uani hadi wanawake waliporudi.

"Leo mmechelewa," alisema walipoingia, mmoja nyuma ya mwingine. "Anahangaika."

Wakaingia chumba cha nyuma, wakafunga mlango. Wifi akafungua sketi, akajifungua kitambaa, akazitoa nepi tatu akaziweka juu ya godoro. Mpekuzi akamimina maji kwenye beseni. Walimgeuza mgonjwa kwa pamoja, mmoja akishika bega, mwingine nyonga, kama walivyofanya mara elfu. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Ulituambia unazinunua," mpekuzi akasema hatimaye. "Ulituambia wafanyakazi mnapunguziwa bei."

"Tunapunguziwa bei ya mkate."

"Tangu lini?"

Wifi alikuwa anakamua kitambaa. Akakikamua hata pale maji yalipokwisha.

"Mwanzo nilikuwa nachukua za pakiti zilizochanika," akasema. "Zile wanazozitoa kwenye rafu, zinakwenda kuchomwa nyuma. Wifi, zinachomwa! Mimi ndiye ninayezipeleka kwenye pipa kwa mikono yangu. Nikasema zikachomwe na mama analalia matambara? Nikawa natoa nazo kwenye mfuko wa taka, naziokota nje ya ukuta. Halafu zilizochanika zikaisha."

"Ukafanyaje?"

"Nikachana."

Mpekuzi akafunga gundi ya upande wa kulia. Ilikuwa nepi nzuri, yenye mstari wa buluu unaoonyesha ikilowa.

"Halafu wakaleta ile mifuko ya taka inayoonekana ndani," wifi akaendelea. "Yule mkuu wa ulinzi na akili zake. Ndiyo maana leo..." Hakumalizia. "Ungenikamata, ningekuelewa."

"Usibebe tena."

"Na mama?"

Mama mkwe alikuwa ameelekeza uso ukutani. Walimfunika shuka. Mpekuzi akachukua beseni akaenda kumwaga maji uani, na akiwa pale akatambua kwamba lile swali hakulijibu.

Mume akamfuata. "Kuna nini? Mmenuna."

"Tumechoka."

"Yule mdogo wangu Mungu amlipe," mume akasema, akitazama chini. "Pakiti moja ya vile vitu inakula mshahara wa siku tatu. Mimi mtoto wa kiume nimekaa tu hapa."

"Mshukuru mwenyewe," mpekuzi akasema, akaingia ndani.

Kesho yake saa tisa na robo wifi aliingia nyuma ya pazia akanyanyua mikono. Mikono ya mpekuzi ilishuka mabegani, makwapani, mgongoni. Ilipofika kiunoni ikaruka, ikatua mapajani. Hakuna aliyepanga hivyo. Siku iliyofuata ikaruka tena. Ikapita wiki, ikapita ya pili, nyumbani mama mkwe akalala mkavu, na suala lile halikutajwa.

*

Mambo yaliharibika Jumanne moja asubuhi, duka limejaa. Bwana mmoja wa makamo, nadhifu, shati limepigwa pasi, alikuja kaunta ya malalamiko na pakiti ya nepi za wakubwa. Aliinunua jana yake kwa ajili ya baba yake. Alisubiri foleni, ikafika zamu yake, akaipindua pakiti juu ya kaunta. Vikamwagika vipande vya maboksi vilivyokatwa vizuri, na nepi mbili.

"Nimvalishe baba yangu maboksi?" aliuliza. Hakupaza sauti. "Nioneshe namna ya kumvalisha."

Kabla ya saa sita rafu ile yote ilikuwa imeshushwa sakafuni. Mkuu wa ulinzi, ambaye wafanyakazi walimwita Jicho kwa sababu ya kushinda mbele ya skrini za kamera, alikuja mwenyewe kuzipima pakiti mkononi moja moja. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, anayetembea na chupa ya maji ya moto. Pakiti za mbele zilikuwa nzima. Za nyuma, kumi na tisa, zilikuwa zimetuna kwa maboksi.

Akamwita mpekuzi ofisini.

"Kaa," akasema. "Wembe ukipotea nasema mteja. Betri, mteja. Zinaingia mfukoni. Lakini kitu hiki," akainyanyua pakiti tupu, "hakuna mteja anayepata muda wa kukaa pale akate maboksi. Huyu ni wa ndani. Ana muda, na ana mgonjwa nyumbani. Unanielewa?"

"Nakuelewa, bosi."

"Kamera ile rafu haiioni vizuri, inazibwa na nguzo. Basi nimepitia mafaili." Akafungua moja. "Mama Pacha. Anapanga rafu hiyohiyo. Mwezi uliopita aliomba ruhusa mara mbili kumpeleka baba yake hospitali. Kila siku anazishika hizi pakiti, anazifuta vumbi. Hakuona kwamba ni nyepesi?"

Mpekuzi alimjua Mama Pacha kama alivyowajua wote, kwa mabega na mbavu. Mwanamke mnene wa miaka arobaini, anayecheka akipapaswa kwa sababu ya mtekenyo, kila siku, miaka yote minne.

"Labda anazifuta tu za mbele," mpekuzi akasema.

"Labda. Leo akitoka, umpekue kikamilifu. Nguo zote. Mimi nitakuwa nje ya pazia." Akanywa maji yake. "Wewe nakuamini. Tangu uje hapa sijawahi kusikia neno juu yako."

Ilikuwa saa saba. Yalibaki masaa mawili ya kusema jambo. Mpekuzi alikula chakula chake, akaosha kikopo, akaenda haja, akarudi kwenye stuli. Alipitwa na wifi yake kwenye korido akisukuma ndoo ya magurudumu. Wakatazamana kidogo. Wifi alikuwa ameshasikia, duka zima lilikuwa limeshasikia.

"Dada," akasema, maana kulikuwa na watu.

"Dada," mpekuzi akajibu.

Ndoo ikapita.

*

Wenzake wote walipotoka, Mama Pacha aliingia wa mwisho. Hakuweka mkoba mezani, Jicho alikuwa ameshauchukua. Vivuli vya viatu vya Jicho vilionekana chini ya pazia.

"Inabidi uvue," mpekuzi akasema.

"Nimeambiwa." Mama Pacha akaanza na blauzi. Vifungo vilimshinda. "Hebu nisaidie hiki cha juu, mdogo wangu. Sijui leo kimepatwa na nini."

Mpekuzi akamfungua kifungo. Akapokea blauzi, akaipekua mishono, akaiweka juu ya meza. Akapokea sketi. Akapokea gaguro. Sidiria ilikuwa na pini pale kishikizo kilipovunjika, na Mama Pacha akajaribu kuificha ile pini kwa kiganja, kana kwamba ndiyo iliyokuwa inatafutwa.

"Nazo hizi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Amesema zote."

"Haya."

Alisimama vile, amejikumbatia, ngozi imesisimka kwa ubaridi wa sakafu ya saruji. Tumbo lake lilikuwa na michirizi ya wale pacha. Mpekuzi alimzunguka kama kanuni ilivyosema. Mikono yake haikuruka popote.

"Wewe fanya tu," Mama Pacha akasema. "Usiwe na wasiwasi. Najua umetumwa. Na wewe una nyumba."

Mpekuzi aliona kila kitu wazi kabisa, pini, michirizi, kidole cha mguu kilichopakwa rangi nyekundu ikabanduka nusu, na hakuna hata kimoja kilichomwingia. Vilibaki nje yake, kama vitu vya dirishani mwa duka.

"Hana kitu, bosi," akaliambia pazia.

"Leo," Jicho akajibu kutoka upande wa pili. "Avae."

Mama Pacha alivaa haraka. Safari hii vifungo vilimtii. Kabla hajatoka akageuka, akataka kucheka kama siku zote, kicheko hakikutoka.

"Baba yangu anatembea mwenyewe," akasema. "Tunampeleka hospitali kwa ajili ya macho. Nimemwambia bosi. Hata haja anakwenda mwenyewe, yule."

Kesho yake hakuja. Karatasi ilibandikwa karibu na saa ya kuingilia: mhusika wa rafu ya usafi wa mwili amesimamishwa kazi kwa uzembe na upotevu wa mali, na stahiki zake zimezuiwa kufidia hasara. Wafanyakazi waliisoma, wakapita. Keshia mwenye watoto wa shule akasema chini kwa chini kwamba siku zote alijua, mtu gani anacheka vile.

*

Siku tatu wifi hakubeba kitu. Siku ya nne nepi za nyumbani zilibaki mbili.

Walikuwa chumba cha nyuma, alasiri, jua linaingia kupitia tundu za pazia. Mume alikuwa amekwenda kupima bafu la mtu. Mama mkwe alilala chali, macho kwenye dari.

"Mama Pacha nimsemee vipi?" wifi alikuwa anasema. "Nikafungue mdomo, nifukuzwe? Nikifukuzwa watauliza umenipitisha vipi, na wewe unafukuzwa. Kaka hana kazi. Tutakula nini, wifi? Tutakula ukweli?"

"Sijasema ufungue mdomo."

"Basi kwa nini hunitazami?"

"Nakutazama."

"Hunitazami! Tangu Jumanne unanipita kama ukuta. Unadhani mimi nalala? Najua ana pacha. Nimewaona, walikuja siku ile ya zawadi za wafanyakazi, wamevaa sare..." Sauti yake ikakatika. "Nilizichukua kwa ajili ya mama. Sikuchukua hata sabuni ya kunawa. Hata pipi."

"Nilimvua nguo," mpekuzi akasema. "Akaniambia nisiwe na wasiwasi."

Ndipo waliposikia mkwaruzo. Mama mkwe alikuwa ameingiza mkono wake mzima, wa kulia, chini ya shuka, na alikuwa anavuta. Gundi ya upande mmoja ikaachia kwa mlio.

"Mama, unafanya nini?" wifi akamrukia. "Mama, acha!"

"Ni... vueni," mama mkwe akasema.

"Haijalowa bado, mama. Tumekuvalisha sasa hivi."

"Nivueni." Mate yalimtoka upande uliokufa wa mdomo. Mkono ulizidi kuvuta, wenye nguvu kuliko walivyodhani. "Si... taki. Si yangu."

Walikuwa wamezungumza mbele yake mwaka mzima kama mbele ya kabati. Wote wawili wakalitambua hilo kwa wakati mmoja, na hakuna aliyejua aweke wapi macho. Wifi akaanza kulia kwa sauti, kama mtoto aliyechapwa. Mpekuzi akainama, akafungua gundi ya pili, akaitoa nepi, akaikunja. Akaenda kwenye sanduku lake akatoa shuka la zamani, akalipasua vipande vinne, akakunja kimoja akamvika mama mkwe kama walivyofanya zamani.

Mume aliporudi alimkuta mkewe uani anafua, akaona vitambaa kambani.

"Zimekwisha?"

Akamwambia. Alimwambia yote, tangu siku ya kwanza nyuma ya pazia hadi ile pini, bila kuacha kusugua. Mume alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja amenyoosha kwa sababu ya goti.

"Siwezi kuwaambia mkaseme," akasema mwishoni. "Wala siwezi kuwaambia mnyamaze. Ninyi ndio mnaonilisha."

"Sikukuomba uniambie kitu," mkewe akasema. "Nimekuambia ili ujue unachoshukuru."

Yakamchoma, akayameza. Akasimama, akashika ncha ya pili ya kitambaa, wakakikamua pamoja.

*

Asubuhi wifi hakutangulia. Walitoka pamoja, wakatembea pamoja mpaka mlango wa wafanyakazi, bega kwa bega, na wenzao waliwaona. Ndani, badala ya kwenda kuchukua ndoo, wifi alikata kushoto kuelekea ofisi ya Jicho. Hakuwa amesema kama atafanya hivyo. Mpekuzi akamfuata.

Yeye ndiye aliyeanza kusema, lakini wifi akamkatiza na kusimulia yote mwenyewe, haraka haraka, mikono imefumbatwa mbele ya sketi: pakiti zilizochanika, mfuko wa taka, maboksi, kiuno. Jicho aliandika. Mara moja tu akamsimamisha.

"Mnaishi nyumba moja?"

"Nyumba moja," mpekuzi akasema. "Ni wifi yangu."

Jicho akaandika hilo. Kisha akaweka kalamu chini, akamtazama mpekuzi kama anamtafuta mtu aliyemweka mahali na sasa hamwoni.

"Siku ile niliposema umvue yule mama."

"Ndiyo, bosi."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akafungua chupa yake ya maji, akaifunga bila kunywa. "Ningeita polisi," akasema. "Meneja hataki polisi dukani, wateja wanaogopa. Mtasaini hapa na hapa. Mshahara wa mwezi huu msahau. Wewe, kampuni yako nitaipigia mimi."

"Na Mama Pacha?" wifi akauliza.

"Hilo si lenu."

Wakasaini. Mpekuzi akavua koti la kampuni, akalikunja, akaliacha juu ya kiti. Walipitia mlango wa mbele, wa wateja, kwa sababu ule wa nyuma ulikuwa umeshafungwa. Hakuna aliyewapekua.

*

Iliisha wiki kabla mpekuzi hajapata nguvu ya kwenda kwa Mama Pacha. Keshia ndiye aliyemwelekeza, baada ya kumtazama kwanza juu mpaka chini. Mama Pacha alikaa chumba kimoja kilichofungukia ua wenye wapangaji wengi. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa chini, anapiga pasi sare mbili ndogo juu ya blanketi, na baba yake mzee alikuwa kitini karibu na dirisha, kitambaa cheupe kimefunika jicho moja.

"Karibu," Mama Pacha akasema alipomwona. Hakusimama.

"Nimekuja kukueleza jambo."

"Nimeshaelezwa. Walinipigia jana. Nirudi Jumatatu." Akageuza sare. "Siku nilizokaa hapa hazilipwi. Bosi amesema nishukuru."

"Nilitaka uyasikie kwangu."

"Haya. Nasikia."

Mpekuzi akasema. Hayakuchukua muda, yalikuwa maneno machache kuliko alivyofikiri njia nzima. Mzee dirishani aligeuza jicho lake zima kumtazama, kisha akalirudisha nje. Mama Pacha alipiga pasi kola, akapiga mikono, akainyanyua sare kwenye mwanga kuangalia mikunjo.

"Swali moja tu," akasema. "Ulipokuwa unanivua. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kwamba ni yule dada mfagiaji."

"Ndiyo."

Mama Pacha akaitundika sare kwenye msumari. Akabaki amempa mgeni mgongo.

"Mimi nilidhani umetumwa tu," akasema. "Usiku ule nilikuombea. Nilimwambia hata baba, yule msichana wa upekuzi ana roho nzuri, alinifungulia kifungo." Akavuta pumzi. "Siwezi kusema ningekuwa mimi ningefanyaje. Mama mkwe ni mzazi. Lakini usije tena hapa. Tukikutana njiani, pita tu."

"Sawa."

"Na pole kwa mgonjwa."

Mpekuzi akasema asante. Alikuwa amekuja na mkate wa sukari kwenye mfuko kwa ajili ya wale pacha, akaona haya kuutoa, akaondoka nao.

Alirudi kwa miguu. Nyumbani mume hakuwepo, lile bafu lilikuwa limepatikana, kazi ya siku nne. Wifi alikuwa kwa jirani, anafua nguo za watu kwa malipo ya papo kwa papo. Vitambaa vilikuwa vimejaa kambani, vimekauka. Akavianua, akaingia navyo chumba cha nyuma, akaanza kuvikunja amesimama.

Mama mkwe alikuwa macho.

"Ume... kwenda?" akauliza.

"Nimekwenda, mama."

"Ana... watoto?"

"Wawili. Pacha wa kike."

Nje mtu alikuwa anachota maji, ndoo inajaa polepole.

"Amesemaje?"

"Amesema nisirudi tena."

Mkono wa kulia ukatoka chini ya shuka, ukapapasa godoro, ukasogeza mto pembeni ili pawe na nafasi.

"Basi njoo," mama mkwe akasema, na safari hii neno halikukatika. "Njoo ukae."

Mpekuzi akaviweka vitambaa chini. Akakaa. Hakulia, alisubiri kidogo aone kama atalia. Akautoa mkate kwenye mfuko, akaumega, akaanza kumlisha kipande kimoja kimoja, upande wa mdomo uliokuwa mzima.